Bustani ya Maua ya Keukenhof
Katika mji wa Lisse, nchi ya Uholanzi, iko bustani ya maua iitwayo Keukenhof, yenye hekta 32, yaani karibu eka 80. Ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1950. Kila mwaka, kabla ya baridi kali kuingia, watunza bustani hupanda kwa mikono yao mbegu karibu milioni 7, zilizo mfano wa vitunguu. Majira ya baridi yakiisha, maua huchanua, mekundu, meupe na ya manjano, na lango huwa wazi kwa majuma manane tu.

Wageni wengi huja na kamera. Aijuaye kazi hiyo hufika asubuhi lango lifunguliwapo, njia zikiwa hazijajaa watu. Naye hupiga goti, ili maua ya mbele yaonekane makubwa na miti isimame nyuma yake.

Nje ya bustani yako mashamba ya wakulima, na hapo mgeni hushawishika kuingia katikati ya mistari ya maua. Asithubutu. Zao la mkulima yule si ua, bali ni kile kitunguu kilichomo udongoni. Ua likiisha kuchanua hukatwa kichwa, ili nguvu ishukie chini. Majani yakikanyagwa, kitunguu hudhoofika. Tena kiatu chaweza kuleta ugonjwa kutoka shamba jingine.

Picha nzuri hupatikana hata kando ya barabara. Hakuna mkulima, awe wa Lisse au wa Limuru, apendaye kuona nyayo za mgeni katikati ya mazao yake.