Jogoo wa Jirani Hana Kesi

Bantamu ni kuku mdogo, wengi wao hawafiki hata kilo moja. Jina lake limetoka bandari ya Banten, kisiwani Java, ambako mabaharia wa Ulaya walikuwa wakipakia kuku wadogo melini. Mimi nawajua wa hapa Tandika, uani kwa baba mdogo, anayewauza kama kuku wa mapambo kwa watu wenye bustani zao. Wanaotoka haraka ni wa bluu. Siyo bluu ya anga, usidanganyike. Ni rangi ya moshi wa mkaa, na unyoya una ukingo uliokolea kidogo. Ukimwona asubuhi anajikung'uta vumbi, chai inapoa mkononi.

Baba mdogo alikuwa na jogoo mmoja wa bluu na mitetea watatu wa bluu, basi. Vifaranga wakatoka mchanganyiko: wengine bluu, wengine weusi tii, wengine weupe wenye madoa, kama mtu kawarushia wino. Akaapa kwamba jogoo mweusi wa mama jirani karuka ukuta, kachafua damu. Akaenda kumgongea geti. Maneno aliyoyasema pale siyaandiki. Mama jirani akajibu kwamba jogoo wake ana adabu kuliko anayemshitaki. Aisee, salamu zikafa siku ile. Mwaka mzima, chumvi tuliyozoea kuazima kwake nikawa natumwa dukani kuinunua.

Weusi na wa madoa wakaenda kwa mchoma kuku wa barabarani. Aliyewafunga miguu ni mimi. Na wana tabia moja mbaya: ukiwashika wanatulia, wanakuangalia.

Sasa sikiliza. Kifaranga hupokea nakala moja ya jeni toka kwa baba, moja toka kwa mama. Kuku hawa asili yao ni weusi, lakini kuna jeni inayopunguza ule weusi. Asiye na nakala yake hata moja anabaki mweusi. Mwenye moja anakuwa bluu. Mwenye mbili, weusi unaoshwa karibu wote, yanabaki madoa. Kwa hiyo bluu ni wa katikati daima. Oanisha bluu kwa bluu, kwa wastani kila vifaranga wanne utapata mweusi mmoja, bluu wawili, wa madoa mmoja. Fuga miaka 100, itakuwa hivyo hivyo. William Bateson na R. C. Punnett wa Cambridge walilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuku wa Andalusia. Wafugaji wa Uingereza nao walikuwa wakiwahesabu weusi na wa madoa kuwa taka.

Tena shahidi wa utetezi ni yule yule wa madoa. Lazima awe amepata nakala kwa baba na kwa mama. Jogoo mweusi hana ya kumpa. Yaani kila kifaranga wa madoa aliyeonyeshwa pale getini kama ushahidi alikuwa anamsafisha mshitakiwa!

Na kuna kubwa zaidi. Mweusi ukimpandisha na wa madoa, vifaranga wote wanatoka bluu. Wote. Mali ya baba mdogo ilikuwa inageuzwa juu ya mkaa.

Nilimchorea viboksi nyuma ya kalenda. Akaangalia, akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Hapana, baba mdogo. Ni rangi tu ndivyo ilivyo."

Hakunijibu. Ila kundi lililofuata aliacha mtetea mmoja mweusi na jogoo mmoja wa madoa, akawatenga kwenye banda lao. Mtetea akatamia mayai manane. Siku ya 21 wakatoka saba, yai moja viza. Wote saba rangi ya majivu. Baba mdogo aliwahesabu mara mbili, kisha akaenda kukaa kijiweni mpaka usiku.

Walipokua alinipa wawili kwenye boksi. "Mpelekee mama hapo jirani. Usiseme neno."

Mama jirani alifungua boksi, akamwinua mmoja juani, akamgeuza geuza.

"Wazuri," akasema. "Kuku nimewaona. Na maneno je, bado hayajaanguliwa?"