Soko huru kwa mtu asiye na kitambulisho

Wasee, kuna sentensi moja naisikia kila siku siku hizi: serikali iondoke sokoni, watu wafanye biashara zao. Sawa. Lakini leo acheni mtu wa Garissa aongee, kwa sababu sisi biashara hatukufundishwa na Bunge.

Soko letu la mifugo ni moja ya masoko makubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki. Ukienda utapata muuzaji, mnunuzi, na katikati yao dalali, ama dilaal kama tunavyomwita kwetu. Bei inakatwa hapo hapo. Hakuna karani anayeleta orodha kutoka Nairobi. Kwa hivyo mimi sipingi soko huru, nimelishwa nalo. Shida yangu ni kitu kimoja: walipofungua soko, walianza na vitu, watu wakaachwa nje.

Cheki kalenda. Zamani serikali ndiyo ilipanga bei ya vitu vingi, kuanzia unga hadi maziwa. Mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria mpya ya ushindani, ikaanza kazi Februari 1989, na polepole bei zikaanza kuachiliwa. Mwisho wa 1993 mahindi yakaruhusiwa kusafirishwa ndani ya nchi bila kibali. Desemba 1995 sheria ya kudhibiti pesa za kigeni ikafutwa. Hiyo ya mwisho ilitufaa sana, tusidanganyane. Familia nyingi huku zinaishi kwa pesa za jamaa walio nje.

Sasa geuza ukurasa. Novemba 1989, mwaka ule ule ushindani unafunguliwa, serikali ikatangaza kwamba Wakenya Wasomali wa miaka 18 kwenda juu wapigwe msasa kuthibitisha uraia wao. Aliyepita alipewa kadi ya pinki, atembee nayo juu ya kitambulisho chake. Na wakati huo Kaskazini Mashariki yote bado ilikuwa chini ya sheria za dharura, zile zilizoanza Desemba 1963. Ziliondolewa 1991. Miaka 28!

Unaona vile imekaa? Gunia la mahindi likaacha kuulizwa karatasi. Mtu wa Garissa akivuka daraja la Tana, bado anaulizwa yake. Ndiyo maana wazee wetu wakipanda basi kwenda Nairobi wanasema wanaenda "Kenya". Si utani.

Mtu atasema hayo ni ya kina awoowe, tusonge mbele. Mimi nimezaliwa baada ya hayo yote. Nilipofika miaka 18 niliomba kitambulisho kwa ofisi moja, nikaambiwa ningoje hadi kamati ikae. Niliingoja miezi 14. Bila kitambulisho husajili laini, na bila laini huna M-Pesa. Duka moja la nguo lilinilipa elfu tatu kwa tangazo langu la kwanza, pesa ikaingia kwa simu ya abti. Abti ni mtu mwaminifu, alinipa yote. Lakini jasho ni langu, na nilikuwa naomba kama mtoto anayetaka pesa ya daftari. Chuo baadaye nilikiacha mwaka wa pili kwa sababu ya ada, na hizi video ndizo zikawa kazi. Je, kijana aliye Dadaab ama Ijara, na hana abti kama wangu?

Halafu kuna hii ya kuuza mali ya umma. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma. Wazo si baya: kampuni inakuwa hisa, mtu wa kawaida ananunua kidogo. Lakini akaunti ya hisa inaanza na kitambulisho. Usipokuwa nacho, mali inauzwa, na ni yako pia, wewe unatazama tu kwa dirisha.

Februari 2025 Rais Ruto alikuja Wajir akatia saini tamko la kumaliza msasa huo. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini tamko si sheria. Kalamu ya rais mmoja imeandika, kalamu ya mwingine inaweza kufuta. Tunataka iandikwe ndani ya Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107: mtoto wa Garissa na mtoto wa Nyeri waulizwe karatasi zile zile, wangoje siku zile zile. Na tusiseme Bunge halisikii. Katiba, kifungu cha 118, inalazimisha Bunge kushirikisha wananchi. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliangusha sheria ya ubinafsishaji ya 2023, na sababu moja ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyofaa.

Hayo marekebisho hayahitaji kuuza kampuni hata moja. Kwa huku kwetu, yatafungua soko kuliko mswada wowote wa uchumi nimewahi kusoma.

Kwa hivyo mbunge wako akija nyumbani wikendi kupigiwa makofi, usimwombe fulana. Muulize mswada uko wapi. Akisema atafuatilia, muulize tarehe, na urekodi jibu.