Kuhamisha seva ya barua pepe: wikendi yangu ndefu hapa Voi

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na waliolalamika wana haki. Leo nalipa deni kwa kisa kilichonitoa jasho mapema mwaka 2024, na jasho la Voi mnalijua, halina haja ya kutafutiwa sababu.

Kuna shirika dogo hapa mjini, sitalitaja jina, linalosaidia watoto wa Taita Taveta kulipa karo. Maombi huletwa kwa mkono au kwa barua pepe. Mzazi aliye Wundanyi au Taveta hana sababu ya kulipa nauli mpaka Voi kwa ajili ya karatasi tatu. Anaingia saiba, karatasi zinapigwa skani, zinatumwa. Barua zote hizo zilikuwa zikiingia katika seva moja iliyokaa stoo, kati ya mifuko ya saruji na viti vilivyovunjika miguu. Iliwekwa mwaka 2008 na fundi ambaye siku hizi yuko Ghuba. Mbele yake alibandika karatasi: USIZIME. Vumbi letu jekundu liliigeuza karatasi hiyo rangi ya tofali, lakini amri yake iliheshimiwa miaka kumi na mitano.

Mpaka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima. Betri ya akiba ilishikilia nusu saa, kisha ikakata roho, na seva nayo. Umeme uliporudi, mashine ilikataa kuwaka mpaka nilipoipiga ubavuni. Sifanyi mzaha. Niliipiga, ikawaka. Tangu siku hiyo kila radi ikipiga nilikuwa nafikiria ile stoo.

Dawa niliyopendekeza ni mashine pepe. Kwa wageni wa mambo haya: unachukua kompyuta moja yenye nguvu, unaweka programu inayoigawa, na ndani yake zinakaa kompyuta kadhaa ambazo kila moja inaamini ina diski yake, kadi yake ya mtandao na saa yake. (Hiyo saa ikumbukeni.) Wazo lenyewe ni la zamani, IBM walikuwa nalo katika miaka ya 1960. Kwetu sisi wa Linux lilirahisika KVM ilipoingizwa ndani ya keneli mwaka 2007. Faida kubwa ni kwamba seva nzima inakuwa faili. Unaweza kuinakili, kuiweka akiba, kuihamishia mashine nyingine. Faili haipigwi ubavuni.

Bosi alikubali, kwa sharti moja: barua zisisimame, kwa sababu mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumapili saa sita usiku. Hao walikuwa watoto wa KCPE ya mwisho, ile ya 2023, wakisubiri kuingia kidato cha kwanza. Mtu mwenye akili angesubiri Jumatatu. Mimi nilikuwa nimeshapata kompyuta mpya na mikono ilikuwa inaniwasha.

Ijumaa usiku nilinakili diski nzima kwa dd kupitia mtandao, huku seva ikiendelea kufanya kazi. Ni sawa na kumpiga picha mtoto anayekimbia. Nilipokagua nakala kwa fsck ilinirekebishia makosa kadhaa, nikashukuru Mungu nikaendelea. Jumamosi nikawasha mashine pepe kwa mara ya kwanza, na keneli ikazimia papo hapo ikisema haioni diski.

Hili linawapata wengi, kwa hiyo nieleze kidogo. Seva ile ilikuwa na CentOS 5, yenye keneli ya 2.6.18. (Ndiyo, najua msaada wake uliisha 2017. Msinipigie kelele, kuihamisha hiyo CentOS yenyewe ni hadithi ya siku nyingine.) Linux inapoamka hutumia kifurushi kidogo cha draiva kiitwacho initrd, na kifurushi hicho kilitengenezwa kwa diski ya mashine ya zamani. Mashine pepe ilikuwa inaionyesha diski ya aina ya virtio, ambayo initrd haijawahi kuisikia. Niliibadilisha ijifanye diski ya IDE, ikaamka. Kisha nikatengeneza initrd mpya kwa mkinitrd, nikaongeza virtio_pci na virtio_blk, nikairudisha diski kwenye virtio. Ikaamka tena, mara hii kwa kasi.

Mtandao nao ukagoma. Faili la eth0 lilikuwa limeandikwa namba ya kadi ya zamani, na kadi pepe ina namba yake. Nikafuta mstari mmoja, basi.

Jumapili mchana nikanakili tofauti za /home kwa rsync ili kupata barua zilizoingia tangu Ijumaa, nikaizima seva ya stoo, nikaielekeza ruta kwenye mashine pepe. Nikajituma barua kutoka Gmail. Ikafika. Nikaenda kula nyama.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu ikalia. Hakuna aliyeweza kufungua barua. Nikakuta Postfix, anayepokea barua, yuko hai na anaendelea kupokea. Aliyekufa ni Dovecot, anayewapa watu barua zao wasome. Aliandika kwenye logi kwamba saa imerudi nyuma, kwamba jambo hilo linaweza kuleta matatizo mengi, na kwa hiyo anajiua. Nilisoma mara mbili. Programu imejiua kwa sababu ya saa!

Kumbe ni kweli, Dovecot za 1.x zilikuwa na tabia hiyo. Na hawakuwa wendawazimu: katika Maildir jina la kila faili la barua huanza na sekunde ya kufika kwake, kwa hiyo saa ikirudi nyuma mambo yanaweza kuvurugika. Keneli ile ya zamani huhesabu muda kwa midundo 1000 kila sekunde. Ndani ya mashine pepe midundo huchelewa, kisha huja kwa mkupuo, na keneli ikidhani imepoteza mingine inaongeza ya kwake. Saa yangu ilikuwa inakimbia karibu sekunde 40 kila saa moja. Halafu yule fundi wa Ghuba alikuwa ameweka ntpdate irekebishe saa kila baada ya saa moja, kwa kuivuta nyuma kwa nguvu. Katika mashine halisi haikuwa na madhara. Kwangu ilikuwa kama kumpa Dovecot sumu. Niliongeza divider=10 kwenye mstari wa keneli ili midundo ipungue iwe 100, nikaondoa ntpdate, nikaweka ntpd inayosogeza saa polepole. Saa tatu asubuhi watu walikuwa wanasoma barua, na mimi nilikuwa shujaa.

Ushujaa ulidumu saa moja. Akaingia mama mmoja kutoka upande wa Sagalla kuuliza kama karatasi za mwanawe zilifika. Dada wa mapokezi akatafuta, hakuna kitu.

"Mama, hazijafika. Na mwisho ulikuwa jana."

"Nilituma Jumamosi, mwanangu. Yule kijana wa saiba alinionyesha kabisa kwamba imeenda."

Dada akanigeukia. Nami, na hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, nikasema labda ilikwama njiani. Mama hakubishana. Alikunja karatasi yake akakaa kwenye benchi. Dada akasema kwa sauti ya chini kwamba asubuhi hiyo alishawajibu wazazi wawili wengine hivyo hivyo, kwa simu.

Watatu. Barua pepe haipotei kimya namna hiyo. Seva inayotuma ikishindwa hujaribu tena na tena, Postfix kwa kawaida hujaribu siku tano, kisha humrudishia mtumaji. Kama hawakurudishiwa, basi barua zilipokelewa. Na Jumamosi aliyekuwa akipokea ni nani? Seva ya stoo. Seva ambayo nilikuwa nimemwahidi mwalimu wa shule moja ya jirani kwamba aichukue siku hiyo saa nane mchana, diski ikiwa imefutwa. Flashi ya kuifutia ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikimbia stoo. Nikabonyeza, kimya. Nikaipiga ubavuni, kimya. Nikaipiga tena, feni ikaanza kunguruma. Kwenye logi ya barua zilikuwepo zote: kumi na moja, kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili mchana, zote zimeandikwa status=sent. Akaunti nyingine zote zilikuwa Maildir ndani ya /home. Hii moja ya karo ilifunguliwa baadaye kwa mtindo wa zamani, faili moja ndani ya /var/spool/mail, na mimi sikuangalia. Nilidhani.

Nilizihamisha zote kumi na moja, nikazihesabu, nikazihesabu tena mbele ya dada wa mapokezi. Kisha nikamwonyesha mama karatasi zake kwenye kioo, na nikamwambia kosa lilikuwa langu. Alisema, "Kumbe yule kijana hakunidanganya." Wale wawili wa simu niliwapigia mwenyewe. Mmoja alipokea akiwa ndani ya matatu, tayari yuko Mwatate, anakuja kugombana. Nikamwambia aje tu, soda iko.

Mwalimu alifika saa nane kamili na gari la kuazima. Nilimwomba anipe miezi miwili. Alikuja mwezi wa tatu akaichukua, na karatasi ya USIZIME ikiwa bado mbele yake.