Chawa Si Aibu

Katika kazi yangu ya ualimu hapa Idete nimeona mtoto akichekwa na wenzake kwa ajili ya chawa, hata akaogopa kuja shuleni. Jambo hili hunisikitisha, kwa maana wanaocheka hawajui.

Chawa hana mabawa, wala haruki. Hutambaa tu, akahamia kichwa kingine vichwa vinapogusana. Wakati wa kulima mpunga jamaa zetu huenda kukaa mashambani, na watoto hulala pamoja. Hapo chawa hupata njia. Naye huingia katika kichwa kisafi sawasawa na kichwa kichafu.

Mtoto akijikuna sana, mwekeni penye mwanga. Tazameni nyuma ya masikio na kisogoni. Mayai ni madogo, yameshikamana na unywele karibu na ngozi; ukiyapangusa hayaanguki kama mba.

Njia nyepesi ni kunyoa. Asiyenyoa, nywele zake zilowanishwe, kisha mkubwa wake amchane kwa kitana chenye meno yaliyosongamana, fungu kwa fungu. Afanye hivi mara nne, akipitisha siku tatu katikati, kwa sababu mayai yaliyosalia huanguliwa baada ya siku saba hata kumi. Mafuta ya taa msitie kamwe: huunguza ngozi, nayo hushika moto.

Wazee husema, “Kidole kimoja hakivunji chawa.” Mwenye chawa hawezi kujitazama kisogoni; ahitaji macho ya mwenzake, wala si kicheko chake.