Pampu na Majirani Zake

Namba kwenye kipimo cha pH ilipanda. Ilitakiwa ishuke.

Nilizima taa, nikasubiri, nikawasha tena. Ikapanda tena. Nilikuwa na miezi minne maabara, kemikali zimebaki za kuhesabu, na protini yangu ilikuwa inafanya kinyume cha kila nilichoandika kwenye pendekezo la utafiti.

Inaitwa bakteriorodopsini. Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius waliieleza mwaka 1971, baada ya kuitoa kwenye Halobacterium salinarum, kijiumbe kinachoishi kwenye maji yenye chumvi kali. Imeshika retinali, ndugu wa vitamini A. Mwanga ukiipiga, retinali inabadili umbo, na protini inasukuma protoni moja kutoka ndani ya seli kwenda nje. Protoni zinarudi ndani kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP. Kijiumbe kinapata nguvu kutoka kwenye jua bila klorofili hata chembe. Na utando wake ni wa zambarau. Nakiri kwamba rangi ndiyo iliyonivuta kwanza.

Kilichonibakisha ni jinsi zinavyokaa. Zinasimama tatu tatu, na hizo tatu zinapangana na tatu nyingine kama masega ya nyuki. Robo tatu ya uzito wa utando ni protini. Kinachobaki ni mafuta yaliyojaza nafasi, kama samadi kati ya fito za nyumba ya yeyo. Swali langu lilikuwa: je, pampu inawahitaji majirani? Unaziyeyusha kwa sabuni ya maabara, unazitenganisha, unazipandikiza kwenye vifuko vya mafuta mengine, unawasha taa.

Msimamizi wangu aliangalia grafu yangu, akauliza, "Umejua imekaa upande gani?"

Sikuwa nimejua. Tangu mwaka 1974 inafahamika kwamba kwenye vifuko vile nyingi huingia zimegeuka, nje ndani. Zilikuwa zinasukuma vizuri tu, ila kuelekea ndani. Mimi ndiye niliyepima kana kwamba bado ziko kwao.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Kuna aina ya mafuta ambayo yakipata joto la zaidi ya nyuzi 24 hivi yanalegea, na protini zinatembea moja moja, yakipoa, zinakusanyika. Nikapima hali zote mbili. Za peke yake nazo zilisukuma. Wengine walishaliona hilo kabla sijazaliwa, lakini nilisikitika kuliona kwa macho yangu. Nilitaka zishindwe.

Mwaka 2023 kaka yangu alihamia Msomera, Handeni, na mkewe, watoto na sehemu ya ng'ombe. Baba alibaki Endulen. Hawakugombana. Walihesabu tu ng'ombe asubuhi, wa huku na wa kule, na nilisikia kwamba baba alirudia kuhesabu mara tatu.

Desemba nilikwenda nyumbani. Jioni baba akanisalimu, "Takwenya." Nikaitika, "Iko." Akauliza ni nini hasa ninachosomea miaka yote hii. Nikaanzia kwenye magadi, kwa sababu magadi anayajua, ng'ombe wake wameyalamba. Nikamwambia hata Ziwa Magadi la Kenya lina vijiumbe vinavyopenda chumvi, na mwaka 1984 kimoja kilipewa jina la ziwa hilo. Nikafika kwenye pampu na majirani zake.

"Ukiitoa kwa wenzake, inafanya kazi?"

"Inafanya, baba."

"Sasa unatafuta nini?"

Nikamweleza kwamba uzima wa pampu hauonekani kwa kusukuma peke yake. Ikiwa na wenzake kwenye utando wake inavumilia joto kali. Ikitengwa inasukuma vilevile, lakini joto likizidi inaharibika mapema.

Mtu si protini, najua; mtu hupiga simu, hujenga, huoa. Nilikuwa nimejihadhari nisilitaje jina la kaka. Baba alichokonoa moto kwa muda mrefu, yeyo akaacha kukoroga chai.

"Handeni," akasema, "kuna joto?"

"Kuna joto kuliko huku."

Akaomba simu yangu. Mtandao ulikuwa chini, tukatoka naye nje tukatembea hadi kwenye mwinuko nyuma ya zizi, tukisimama kila hatua chache kuangalia alama.