Hazina Iliyofichwa Bustani ya Jeevanjee

Bila shaka umewahi kupita katika Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi. Pengine ulikuwa ukikata njia tu kutoka Moi Avenue kwenda Muindi Mbingu, mkono mmoja umeshika mkoba na wa pili umeshika mtoto, hutazami kulia wala kushoto. Jumapili hii rudi pale polepole, uende na jamaa yako yote. Kuna hazina ya kutafuta.

Mchezo wenyewe huitwa jiokeshingi. Ulizaliwa Marekani mwezi Mei, 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya setilaiti yanayomwonyesha mtu mahali alipo. Muda mfupi baadaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vya mahali hapo, na watu wakaenda kuitafuta. Sheria yake ilikuwa rahisi: ukiipata, chukua kitu, acha kitu, kisha uandike jina lako daftarini.

Sasa simu nyingi za mkononi zaweza kufanya kazi hiyo. Lakini vipimo vinataka uangalifu. Jeevanjee iko digrii 1 na dakika 16 kusini, digrii 36 na dakika 49 mashariki. Dakika moja ni karibu kilomita 1.85, kwa hivyo hapo utakuwa umefika mtaani tu! Ongeza tarakimu tatu baada ya nukta ya dakika, ndipo utakapokaribia benchi lenyewe.

Tahadhari, mzazi. Usifiche kopo wala mfuko wowote bustanini. Moi Avenue hiyo hiyo ndiyo iliyolipuliwa bomu tarehe 7 Agosti, 1998, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mzigo usio na mwenyewe huwatia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu. Badala yake, tangulia wewe, uandike vipimo vya mahali patatu na swali moja kwa kila mahali. Watoto watafute majibu. Na simu isichezewe ovyo mkononi; mji ni mji.

Kituo cha kwanza kiwe sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa mwaka 1906. Iliharibiwa mwaka 2015. Watoto waeleze kile wanachokiona kwa macho yao. Cha pili kiwe kumbukumbu ya Alibhai Mulla Jeevanjee mwenyewe. Mfanyabiashara huyu alizaliwa Karachi, akaleta wafanyakazi wa kujenga reli ya Uganda, kisha akawatolea wakazi wa Nairobi bustani hii ili wapumzike. Waulize watoto: kwa nini tajiri aache ardhi tupu katikati ya mji badala ya kujenga maduka?

Cha tatu kiwe katikati kabisa, chini ya kivuli. Waambie wazunguke wakihesabu majengo ya ghorofa. Wakimaliza, wasimulie kwamba mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kupajenga hapo waliposimama. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama kidete kuupinga, na wananchi wakamuunga mkono. Bustani ikanusurika. Kama wangenyamaza, mhubiri wa saa saba mchana, mpiga picha na kijana anayetafuta kazi wangepumzikia wapi leo bila kulipa hata senti?

Hiyo ndiyo hazina, msomaji. Haimo ndani ya kopo. Umeikalia.

Kabla ya kuondoka, ikumbuke ile sheria: chukua kitu, acha kitu. Jeevanjee aliacha bustani. Watu wa 1991 waliacha mfano. Nyinyi mmechukua kivuli na hadithi, mtaacha nini? Okoteni maganda na chupa mlizozikuta, hata kama si zenu. Kisha kila mtoto aandike jina lake na tarehe katika daftari la nyumbani. Siku nyingine mtu akisema bustani hii ni kiwanja kinachongoja kujengwa, watakuwapo wa kumjibu.