Miaka Minane Kwenye CV

Kaka yangu aliingia saiba Jumanne moja mwezi wa kwanza mwaka 2025, saa nne asubuhi, wakati ambao kwa kawaida angekuwa amelala akipumzisha miguu kati ya mazoezi ya alfajiri na ya jioni. Kulikuwa na watu watatu mbele yake. Hakunisalimia kama ndugu. Alikaa kwenye benchi, akangoja foleni kama mteja yeyote, na zamu yake ilipofika akasema, "Chep, nitaipie CV."

"Ya nani?"

"Yangu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ameacha kukimbia. Hakuwa ameniambia nyumbani, wala hakuwa amemwambia mama. Alikuja kuniambia kazini, mahali ambapo singeweza kupiga kelele.

Saiba yenyewe iko karibu na steji hapa Eldoret, ghorofa ya pili. Tuna kompyuta sita, mbili mbovu. Kuprinti ni shilingi kumi, fotokopi kumi. CV ni mia moja ukija na karatasi uliyoiandika kwa mkono, mia moja hamsini kama ni mimi wa kufikiria. Tangu Agosti 15, 2024, siku rais alipoupa mji wetu hadhi ya jiji, la tano nchini, kuna wateja waliorudi wakitaka nibadilishe anwani zao ziseme Eldoret City. Natoza ishirini. Kodi za nyumba zilikuwa zimeshapata habari hizo mapema.

Mialiko ya mbio za nje pia hupitia kwangu. Frankfurt, Lisbon, Xiamen, miji ambayo naweza kuitaipu nikiwa nimefumba macho lakini siwezi kukuonyesha kwenye ramani. Naprinti mwalika, naskani pasipoti, najaza fomu ya visa. Kuna vijana niliowajazia fomu wakiwa wamevaa ndala, na miaka miwili baadaye nikawaona wakitafuta pa kuegesha gari.

Ukienda Nairobi ukasema unatoka Eldoret, swali la pili ni unakimbia kilomita ngapi. Mimi nikipanda ngazi za saiba lazima nisimame katikati nijifanye nasoma matangazo ukutani. Lakini siwalaumu wanaouliza. Uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino, jina la mtu aliyeleta dhahabu ya mita 1,500 kutoka Mexico mwaka 1968 na nyingine ya kuruka viunzi na maji kutoka Munich mwaka 1972. Kutoka Kimumu tunakoishi, ukiifuata barabara hiyo hiyo kama kilomita thelathini hivi, utafika Iten na upite chini ya tao linalokuambia umefika nyumbani kwa mabingwa. Na hapa mjini, ukiuliza ghorofa fulani ni ya nani, mara nyingi utatajiwa jina uliloliona kwenye TV. Unaweza kuishi ndani ya ushindi wa mtu na kumlipa kodi kila tarehe tano. Mtoto aliyelelewa hapo huwezi kumwambia kwamba kukimbia si kazi.

Kaka alimaliza kidato cha nne mwaka 2015, akapata C ya kuondoa. Mwaka uliofuata akajiunga na kambi ndogo Iten: vyumba vinne, vijana kumi na moja, kila mtu akichanga unga, mboga na stima. Baba aliuza mtamba. Viatu vya kwanza vilikuwa mitumba, saizi moja juu, akiweka gazeti mbele. Mimi nilimaliza shule mwaka huo, na mwaka 2017 nikapata barua ya kujiunga na chuo kusomea diploma. Baba alinikalisha jikoni akasema pesa zilizopo ni za mtu mmoja. Kaka yuko karibu, akasema. Ningoje mwaka mmoja tu, akishinda hata mbio moja ya maana atanisomesha yeye mwenyewe. Nikaja kuomba kazi ya saiba ya mwaka mmoja.

Siwezi kusema alikuwa mvivu au hakuwa na kipaji. Mwaka 2019 alikimbia nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 3 na sekunde kadhaa, huku juu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari ambako hewa yenyewe ni ya kukopa. Kuna nchi ambazo muda huo ungempa jezi ya taifa. Hapa alimaliza wa ishirini na sita, na wa ishirini na saba alikuwa jirani yetu.

Hata hivyo muda huo ulimpatia meneja, na meneja akampatia mbio moja Ulaya. Fomu ya visa niliijaza mimi, kwenye kompyuta hii hii. Kazi: mwanariadha. Mshahara kwa mwezi: tukaangaliana. Salio la benki: elfu nne na kitu. Barua ilipokuja, ilisema hawakuridhika kwamba angerudi Kenya baada ya mbio. Kaka aliisoma mara mbili, akacheka kidogo. "Wanadhani natoroka," akasema. "Mimi nakimbia tu." Nikafikiri baadaye kwamba Kiswahili chetu kimetunyima njia hapo, maana kukimbia ni hilo hilo moja, uwe unaifuata saa au unaiacha nchi.

Oktoba 12 mwaka huo huo, Eliud Kipchoge alikimbia Vienna kwa saa 1:59:40, na mjini kulikuwa na skrini kubwa. Tulisimama pamoja kwenye umati. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Nilipogeuka kumwangalia kaka, alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu. Jioni hiyo, mji mzima ukisherehekea, yeye alikwenda mazoezini.

Mwaka 2020 ulikuja na korona, kambi zikafungwa, mbio zikafutwa kila mahali. Alikimbia peke yake upande wa Chepkoilel, barabara za vumbi. Mwaka 2022 mshipa wa kisigino ukamweka nje miezi saba. Katikati ya hayo yote akapata mtoto, akafanya vibarua vya kuvuna viazi, akawa pia mweka kasi wa wanariadha wa kike kutoka Ulaya wanaokuja Iten kwa mazoezi, akilipwa kwa wiki. Februari 2024 Kelvin Kiptum alifariki kwenye ajali ya barabarani upande wa Kaptagat, pamoja na kocha wake. Alikuwa na miaka 24, na miezi minne tu kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia Chicago, 2:00:35. Kaka hakukimbia siku tatu. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akiwaza nini. Ninachojua ni kwamba kaka alikuwa mkubwa kwa Kiptum kwa miaka mitatu na zaidi.

Kwa hiyo Jumanne hiyo nilifungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake juu, nikauliza kilichotokea.

"Fartlek ya Alhamisi," akasema. Kila Alhamisi Iten kuna mazoezi ya kubadilisha kasi, watu wengi sana, yeyote anaweza kuingia. "Kuna kijana alinipita kwa kilima. Si kunipita ndio shida. Alinipita akiongea."

"Akiongea na nani?"

"Na mwenzake. Story za mpira."

Akanyamaza. Kisha akasema mtoto anaanza PP1, kuna kampuni inaajiri masoja, wanataka CV, nakala ya kitambulisho na cheti cha tabia njema, na Ijumaa ndiyo mwisho.

Elimu ilichukua dakika mbili. Tukafika mahali pa uzoefu wa kazi.

"Acha wazi," akasema.

"Huwezi kuacha wazi miaka minane. Watafikiri ulikuwa jela."

"Si waandike jela. Angalau jela unalishwa."

Tulicheka, na mteja wa kompyuta nambari tatu akageuka kutuangalia. Nimetaipu CV nyingi, na hiyo nafasi ndiyo inayowatoa watu jasho. Kijana anakaa miaka mitatu akitafuta kazi, na kutafuta hakuna jina la kuandika. Msichana amemuuguza mama yake hadi mwisho, anauliza kama hiyo ni kazi. Huwa nina maneno yangu ya kuziba mashimo: mshauri binafsi, biashara ndogo, kujitolea katika jamii. Kwa kaka nilishindwa, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilijua kilichokuwa ndani ya lile shimo.

Nikamwambia tuanze na hesabu. Kwa wiki alikuwa akikimbia kilomita ngapi? Mia na themanini, akasema, wiki nzuri. Kwa mwaka wiki ngapi? Arubaini na nane. Tukatoa mwaka mzima kwa sababu ya kisigino na korona, tukabaki na saba. Nikapiga kwenye kalkuleta ya kompyuta: kilomita 60,480. Mteja wa nambari tatu, ambaye sasa alikuwa ameacha kabisa kujifanya hasikilizi, akasema mzunguko wa dunia ni kama elfu arubaini. Kaka akaiangalia ile nambari kwa muda. Amezunguka dunia mara moja na nusu, na hajawahi kupanda ndege.

"Hiyo usiandike," akasema.

Hapo ndipo nilipolisema. Sikuwa nimepanga. Nilisema nikiangalia skrini, sauti ya chini, kwamba miaka hii minane haikuwa yake peke yake. Kwamba mimi pia nilikuwa kwenye kambi, ila kambi yangu ina printa. Kwamba baba aliniambia ningoje mwaka mmoja.

Nilitarajia aseme pole, au akasirike. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Ilikuwa kozi gani?"

"Nini?"

"Chuoni. Ulikuwa umeitwa kusomea nini?"

"Ununuzi na ugavi."

"Mimi nilidhani ni ualimu," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikisema, nikishinda, nitamfanya Chep mwalimu."

Sikujua nicheke au nimrushie kibodi. Mtu alikuwa amebeba deni langu kilomita elfu sitini, na hakuwa anajua ni deni la nini. Na mimi, nikiwa mkweli, sikuwa nimewahi kumwambia. Nyumbani kwetu hatukuwa tukizungumzia pesa zilikotoka. Tulikuwa tukimuuliza miguu inaendeleaje. Kila jioni, mama akimwekea mursik, swali lilikuwa hilo: miguu? Naye alijibu miguu ni sawa, hata mwaka ule ambao haikuwa sawa.

Mwishowe tuliandika hivi. 2016 hadi 2024: mwanariadha wa mbio za barabarani, Iten na Eldoret. Chini yake, majukumu: mazoezi mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Mweka kasi kwa wanariadha wa kimataifa. Kuratibu chakula na bajeti ya kambi ya watu kumi na moja, ambalo ni kweli, yeye ndiye aliyekuwa akishika daftari la unga. Nilitaka kuongeza ile nusu marathoni. Akasema hapana. Kisha nilipokuwa napangilia kurasa akasema, "Sawa, weka. Lakini usiweke nafasi niliyomaliza." Nikaweka muda peke yake. Kwa mtu asiyejua, ni muda mzuri sana. Kwa mtu anayejua pia ni muda mzuri, ndiyo shida yenyewe.

Wadhamini wawili: kocha wake na mchungaji.

Kurasa mbili, nakala tatu. Nikamwambia aende tu. Akatoa mia mbili mfukoni akaiweka kando ya kipanya. Nilikumbuka ile barua ya chuo ambayo bado iko kwenye kabati, ndani ya Biblia ya mama, nikachukua ile mia mbili. Nikamrudishia chenji pia, yote kamili.

Kazi aliipata. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ile miaka, mhoji alitaka kujua urefu wake tu. Analinda lango usiku, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Nyumbani tulimwambia mama pamoja, jioni moja, na mama akainuka akaenda kuangalia kama ng'ombe wamefungwa. Aliporudi akauliza kama sare wanapewa au wananunua.

Nauli ya asubuhi kutoka huko hadi Kimumu ni shilingi hamsini. Wiki ya pili alianza kubeba viatu vya mazoezi kwenye mfuko. Zamu ikiisha anavua buti, anazifunga kamba, anazitupa mgongoni, anarudi nyumbani mbio akiwa na suruali ya sare. Hamsini mara siku sita ni mia tatu kwa wiki, ananiambia, kana kwamba nimemuuliza. Mama mboga wa pale kona bado anamwita champ. Anamwinulia mkono bila kupunguza mwendo.

Mimi wiki iliyopita, wateja walipoisha, nilifungua ile CV yake nikaihifadhi kwa jina jipya, nikafuta alichoandika, nikaanza kuandika yangu. Juu palikwenda haraka. Kisha: 2017 hadi sasa, mhudumu wa saiba. Majukumu. Kishale kilikuwa kikimeta hapo, nikasikia mtu akipanda ngazi. Alikuwa mzee mmoja akitaka fotokopi ya kitambulisho, mbele na nyuma, kwenye karatasi moja ili alipe kumi.